Utumbo Unapofungwa na Kovu: Madhara Mazito ya Dialisisi ya Tumbo ya Miaka Mingi

Wenzangu, chukulieni mgonjwa wa figo aliyekaa miaka 8 kwenye dialisisi ya tumbo, yaani kusafisha damu kwa maji ya mfuko yanayoingizwa tumboni kisha kutolewa. Akahamia ya mashine, na katheta, ule mrija wa tumboni, ikatolewa. Miezi 6 baadaye anakuja: vijiko viwili vya chakula vimemshibisha, anatapika, nguo zinampwaya. Tukimpa dawa za vidonda vya tumbo na kumruhusu aende, tumekosea vibaya.

Utando wa tumbo, uliokuwa chujio lake miaka yote hiyo, umegeuka kovu nene na kuufunga utumbo mwembamba kama kiwavi kwenye kifukofuko. Chakula hakipiti kwa sababu utumbo hauna nafasi ya kujikunyata na kukisukuma. Chanzo kikubwa ni miaka mingi ya maji yenye glukosi, hasa mifuko mikali ya asilimia 3.86, na maambukizi makali au yanayojirudia huongeza uharibifu. Ugonjwa huu huwapata wachache, lakini hatari hupanda kadiri miaka inavyosonga, hasa baada ya ule wa 5. Wengi hudhihirika wakiwa wameshaacha dialisisi ya tumbo au wamepandikizwa figo. Kwa hiyo, yeyote mwenye tumbo linalosumbua aulizwe: uliwahi kutumia mifuko, na kwa miaka mingapi?

Kwa anayeendelea nayo, tazameni mfuko wa kutolea. Maji yanayotoka yanapungua? Yana damu? Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) huonyesha utando ulionenepa, madoa ya chokaa na utumbo uliokusanyika katikati. Kwa asiye na dalili, kuipiga kila mwaka hakutabiri lolote.

Matibabu yaanze na lishe, kwa mrija au kwa mshipa ikibidi, na dialisisi kwa kawaida ihamie kwenye mashine. Uvimbe wa utando ukiwa bado mbichi, prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hutumika, maambukizi yakishaondolewa shaka. Wengine hutoa tamoksifeni, dawa inayojulikana zaidi kwa saratani ya matiti. Ushahidi wake ni mdogo, na inaweza kugandisha damu kwenye mishipa.

Utumbo ukiziba, mpasuaji aliyezoea kazi hii hulimenya kovu polepole, pindo kwa pindo, kwa saa nyingi. Kukata kipande cha utumbo na kuunga kuepukwe kila inapowezekana, maana mahali palipoungwa huvuja, na uvujaji huo huua. Mpelekeni mapema, akiwa bado na nyama mwilini. Aliyebaki mifupa hastahimili meza ya upasuaji.