f7: Mraba Unaowaponza Watoto Kwenye Mashindano ya Sataranji

Walimu na wazazi, tazameni ubao. Mweupe ameanza na askari e4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), Mweusi akajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu mweupe akatoka hadi c4, na Mweusi akamtoa farasi wa pili, f6. Huu ni Utetezi wa Farasi Wawili. Katika mashindano ya watoto mtaukuta meza baada ya meza.

Hatua ya f6 ni nzuri, lakini ina gharama. Malkia mweusi kutoka d8 alikuwa anaona mpaka g5. Sasa farasi wake mwenyewe amemziba. Ndiyo maana farasi mweupe anaruka g5 bila woga, na askari wa f7, anayelindwa na mfalme peke yake, anaviziwa na kete mbili. Anayetaka utulivu acheze askofu c5 badala ya farasi f6: hapo farasi mweupe akienda g5 analiwa bure.

Mweusi anaziba njia ya askofu kwa d5. Mweupe anamla askari huyo kwa askari wake. Hapa ndipo mechi nyingi zinapoharibika: mtoto anaona askari ameliwa, anamrudia papo hapo kwa farasi. Mweupe anamtoa farasi wake mhanga f7, akimkabili malkia na ngome kwa pamoja. Mfalme anamla. Malkia mweupe anatua f3, anamtishia mfalme na pia anamlenga farasi wa d5. Mfalme akikimbilia g8, askofu anakula d5, malkia mweusi anamla askofu, malkia mweupe anamla malkia na kumtishia mfalme. Askofu mweusi akijikinga e6 analiwa, na mfalme amekwisha. Kwa hiyo inabidi atoke e6, katikati ya ubao, na farasi c3 anaongeza mshambuliaji wa tatu juu ya d5. Waitaliano huliita shambulio hili *fegatello*, kipande cha ini. Mweusi ana farasi dhidi ya askari mmoja, ndiyo, ila simshauri mtoto yeyote amlinde mfalme huyo huku saa inakimbia.

Dawa yake, badala ya kula d5, ni farasi wa c6 kwenda a5, kumfukuza askofu. Askofu anamtishia mfalme kutoka b5, askari c6, Mweupe anakula, askari wa b anarudisha, askofu anarudi e2. Mweusi amepungukiwa askari mmoja. Fidia yake ni muda: h6, farasi f3, kisha e4 anamfukuza tena. Farasi wa a5 asisahauliwe pembeni. Arudi kupitia b7.

Na kanuni ya kugusa haina huruma: aliyeshika farasi wa f6 lazima amcheze. Katika hatua ya 5, Mweupe akishakula d5, mikono ikae mapajani hadi mtoto aamue.