Kikonyo Usikivunje: Malenge ya Nyuma ya Nyumba

[Sauti ya kitu kigumu kikigongwa kwa kidole.]

OCHIENG': Hicho mlichosikia ni boga. Mama Nekesa, mkulima wa malenge, amelipakata kwenye matatu kutoka Kakamega mpaka hapa Kisumu, na hata sasa hataki kuliweka chini. Mulembe, Mama.

MAMA NEKESA: Mulembe muno, baba. Nitaliweka ukinitandikia kitu. Hii sakafu ya simiti ina ubaridi, na boga halipendi ubaridi wa chini.

OCHIENG': Gunia hilo hapo. Haya, wasikilizaji, leo ni malenge, au maboga kama wengine wanavyosema. Mimi ndiye niliyeomba tuyazungumzie, kwa sababu mwaka huu nilipata maboga tisa nyuma ya nyumba, nikala mawili. Mawili tu, Mama. Saba yalioza.

MAMA NEKESA: Saba! Pole sana. Yaliozea shambani au ndani?

OCHIENG': Ndani. Niliyavuna siku moja nikayarundika stoo. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu kama ya pombe ya busaa iliyolala. Nilipoinua la juu, kidole gumba kilizama mpaka ndani.

MAMA NEKESA: Ngoja. Ulipoyavuna, uliyakata au uliyasokota mpaka yakang'oka?

OCHIENG': Niliyasokota. Na mengine niliyabeba kwa kikonyo, kikakatikia njiani.

MAMA NEKESA: Basi hapo ndipo yalipoanza kuoza, hata kabla hujafika stoo. Kikonyo ndicho kinachoziba boga. Kikivunjika pale kinapoungana na ganda, kinaacha kidonda kibichi, na uozo unaingilia hapo hapo. Chukua kisu kikali, ukate ukiacha kikonyo cha urefu wa kidole. Halafu libebe kwa mikono miwili ukilishika tumboni, kama unavyobeba mtoto mchanga. Usilitupe, usiliangushe. Penye mchubuko leo patakuwa na maji wiki ijayo.

OCHIENG': Na baada ya kukata?

MAMA NEKESA: Lianike. Siku kumi hadi kumi na nne, mahali penye joto na hewa, juu ya mbao au nyasi kavu, si juu ya udongo. Mvua ikija uyaingize. Ganda linakauka, linakuwa gumu, vidonda vidogo vinajiziba. Ndipo uyaweke ndani, kila moja peke yake, yasigusane, tena yasirundikwe. Kila Jumamosi unayapitia, unageuza moja moja. Ukiona doa laini, hilo ndilo la kupika leo. Mwaka jana nilivuna Julai, na la mwisho tulilipika Krismasi.

OCHIENG': Ningejuaje basi kama yalikuwa yamekomaa? Mimi niliangalia rangi tu.

MAMA NEKESA: Rangi inadanganya, kuna ya kijani yanayokomaa yakiwa kijani. Angalia kikonyo: kimekauka, kimekuwa kama kipande cha kuni. Halafu bonyeza ganda kwa ukucha. Jaribu hili.

[Sauti ya ukucha ukikwaruza.]

OCHIENG': Haliingii.

MAMA NEKESA: Likiwa bichi ukucha unaacha alama na maji yanatoka. Ulihesabu miezi mingapi tangu upande?

OCHIENG': Kama miwili na nusu.

MAMA NEKESA: Hiyo ni mapema. Mitatu hadi minne. Boga changa linalika, ni tamu kwa mchuzi, lakini halikai.

OCHIENG': Na hayo tisa yenyewe ni rehema, Mama. Mwaka wa kwanza sikupata hata moja. Mashina yalitambaa mpaka kwenye uzio, maua ya manjano kila asubuhi, baada ya siku mbili yanaanguka. Jirani akaniambia, "Hiyo ni dume, ing'oe." Nikaing'oa yote.

MAMA NEKESA: Hilo linaniuma kila ninapolisikia, maana hata kwetu watu wanang'oa. Malenge hayana mmea dume na mmea jike. Shina moja linabeba maua ya aina zote mbili. Yanayotangulia ni madume, wiki moja au mbili mbele, na kazi yake ikiisha yanaanguka. Watu wanang'oa wakati majike yako njiani! Ua jike utalijua: chini ya ua kuna kiboga kidogo kama gololi. Ua dume limesimama juu ya kijiti chembamba tu.

OCHIENG': Mwaka huu niliyaona hayo majike. Lakini mengi yaligeuka manjano yakanyauka yakiwa ukubwa wa yai.

MAMA NEKESA: Hayakuchavushwa. Ua linafunguka alfajiri, kufika saa sita mchana limejifunga, na halifunguki tena. Nyuki asipofika asubuhi hiyo, basi. Wewe ulipulizia dawa ya wadudu saa ngapi?

OCHIENG': Asubuhi, kabla ya kwenda kazini.

MAMA NEKESA: Unaona? Ulikuwa unaua vibarua wako. Kama ni lazima upulizie, pulizia jioni maua yamefunga. Na kama nyuki ni wachache, fanya mwenyewe. Amka saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye majani. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, vua petali zake zote kibaki kile kidole cha katikati chenye unga wa manjano. Ukikigusa unga unabaki mkononi. Nenda kwa ua jike, litakuwa limefunguka, na ndani yake kuna vinundu vyenye ute. Vipake unga taratibu, kila kinundu, usikiruke kimoja. Kikirukwa boga linakua limepinda upande. Dume moja linatosha majike mawili. Siku tatu baadaye utaona kile kiboga kimeanza kuinamisha shingo na kunenepa.

OCHIENG': Sasa hiyo nitaifanya. Nina dirisha linalotazama bustani.

MAMA NEKESA: Kikifika ukubwa wa ngumi, kivishe mfuko wa gazeti kuukuu, uufunge kwa uzi bila kukaza. Kuna nzi wa matunda anadunga ganda likiwa laini, anataga, funza wanakula ndani huku nje unaona nukta tu. Yaliyodungwa yakaanguka usiyaache shambani. Yafukie chini sana, au yafunge kwenye plastiki nyeusi uiache juani.

OCHIENG': Tuongee udongo kidogo. Kwangu ni ule mweusi. Jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia, mvua ikija unakuwa gundi.

MAMA NEKESA: Udongo mweusi una nguvu, shida yake ni maji kusimama. Panda juu ya tuta. Sisi huku kwetu kwa udongo mwekundu tunachimba shimo tu, upana wa karai, tunajaza samadi iliyooza vizuri tukichanganya na udongo wa juu, mbegu tatu, baadaye unaacha mche mmoja au miwili. Dada yangu yuko Nakuru, udongo wa kule ni mwepesi, asili yake ni majivu ya volkano, unameza maji kama mchanga. Yeye anatandaza nyasi kavu nene kuzunguka shina. Tena kule juu kuna baridi, malenge yanachukua muda zaidi. Msiyalinganishe na ya Kisumu.

OCHIENG': Nafasi?

MAMA NEKESA: Mita mbili hadi tatu toka shimo hadi shimo, kama unataka maboga. Lakini kama unataka majani, panda karibu karibu, hatua moja inatosha. Na hili nalisisitiza: tenga shimo la majani na shimo la maboga. Watu wanachuma seveve, hayo majani ya malenge, kila jioni kwenye shina lile lile halafu wanalilaumu halizai. Shina litalisha boga kwa kitu gani kama kila jani jipya liko sufuriani?

OCHIENG': Sisi Waluo tunaita susa. Mama yangu anaichuma kwenye ncha tu.

MAMA NEKESA: Anajua. Ncha na majani mawili matatu machanga yanayofuata. Unavunja kikonyo cha jani kwa juu, unavuta nyuzi chini zikitoka kama uzi wa kushonea, unasugua majani kidogo mikononi kupunguza ule ukwaruzaji. Kwetu tunapika na musherekha, maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, kisha maziwa mwishoni.

OCHIENG': Umenipa njaa. Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nikuite. Hata yale mawili niliyokula, sikuyamaliza. Nyumbani tuko wanne. Boga la kilo sita, unakata, mnakula robo, zilizobaki zinashinda mezani. Kesho yake utando mweupe.

MAMA NEKESA: Boga zima ni ghala. Boga lililokatwa ni maziwa. Ukishalikata hesabu ya miezi imekwisha, sasa unahesabu siku. Kwa hiyo mimi nina sheria: silikati kama sina nafasi ya kulipika lote siku hiyo hiyo.

OCHIENG': Lote?

MAMA NEKESA: Lote. Toa mbegu na zile nyuzi, kata vipande na ganda lake, tandika majani ya ndizi chini ya sufuria, maji kikombe kimoja, panga vipande ganda likitazama chini, funika, moto wa wastani. Dakika ishirini na tano, thelathini. Ukilichemsha ndani ya maji mengi linakunywa maji, halafu unalalamika halina ladha. Mle mnachokula jioni hiyo. Kilichobaki, kwangue nyama kwenye ganda kwa kijiko, uiponde kwa mwiko. Hiyo rojo ndiyo akiba. Kwenye friji siku tatu, nne. Mwenye friza aigawe kwenye vikopo vidogo, kila kimoja kiasi cha kupika mara moja, itakaa miezi.

OCHIENG': Na asiye na friji?

MAMA NEKESA: Asubuhi inakwenda kwenye uji. Uji wa wimbi ukishaiva, tia vijiko vitatu vya rojo, koroga, sukari hutaihitaji sana. Mchana chapati. Vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha rojo, chumvi, mafuta kijiko. Usitie maji mpaka uone, maana boga lina maji yake, na hapo ndipo wengi wanaharibu, donge linakuwa uji. Kanda polepole, lipumzishe nusu saa. Chapati inatoka ya manjano, laini hata ikipoa. Watoto waliokataa boga kwenye sahani wanaigombania hiyo.

OCHIENG': Wangu watakuwa wa kwanza.

MAMA NEKESA: Na jioni iliyobaki unaponda pamoja na maharagwe, kama mushenye, kile chakula chetu cha kupondwa. Tia mafuta kidogo au karanga za kusaga. Ile rangi ya machungwa mwili unaigeuza vitamini A, lakini bila mafuta nyingi inapita tu. Maganda mpe ng'ombe, ila uyakate madogo yasimkwame kooni. Kuku nao wanadonoa.

OCHIENG': Mbegu?

MAMA NEKESA: Za kula zioshe, zikaushe kwenye ungo, zikaange kavu mpaka zianze kupasuka, chumvi. Za kupanda ni hadithi nyingine. Usichague kwenye boga lililooza wala dogo. Chagua bora kuliko yote, liache likae mwezi baada ya kuvuna ndipo ulipasue, mbegu zinazidi kujaa humo ndani. Kisha zikaushe kivulini.

OCHIENG': Kuna aliyeniambia nisipande karibu na vibuyu, ati malenge yatakuwa machungu.

MAMA NEKESA: Kibuyu na malenge havizaliani, ni koo mbili tofauti. Lakini malenge kwa malenge yanachanganyika, nyuki anatoka kwa jirani na unga wa huko. Ndiyo maana unapanda mbegu ya boga la duara unapata refu. Na uchungu upo kweli, mara chache. Ukionja kipande kikawa kichungu, tema, tupa boga lote. Usilifunike kwa sukari. Ule uchungu ni sumu, unaumiza tumbo vibaya.

OCHIENG': Nitapanda lini tena?

MAMA NEKESA: Mvua ndefu, Machi, udongo ukishalowa. Utavuna Juni, Julai, wakati mahindi yangali mabichi shambani na unga dukani ni ghali. Mama yangu alitulea kipindi hicho kwa malenge. Hatukuiita njaa kwa sababu yalikuwepo.

OCHIENG': [Kimya kidogo.] Asante kwa kulisema hilo, Mama. Sasa hili ulilokuja nalo?

MAMA NEKESA: Lete kisu. Kile kikubwa. Hapa hapa kwenye gunia.

[Sauti ya kisu, kisha ya boga likipasuka.]

OCHIENG': Wasikilizaji, ndani ni machungwa iliyokolea. Na harufu yake ni kama ya tikiti.

MAMA NEKESA: Nusu yako. Unaipika yote leo usiku, umesikia? Si kesho. Nusu hii naipeleka kwa mwanangu hapa Nyalenda, nitalala huko.

OCHIENG': Nimesikia. Na mbegu?

MAMA NEKESA: Leta karai. Tutazitoa zote, kisha nikuhesabie thelathini. Zilizobaki narudi nazo nyumbani.