Askari Akimpenda Aliyemlinda

SOMOE: Hamjambo wasikilizaji wetu. Ni Somoe hapa Mtwara mjini, niko na kaka Hassani. Leo tunazungumzia hadithi za mapenzi zenye taharuki: mwanamke kamtoroka mume anayempiga, anakutana na askari anayemlinda, na wawili hao si wa rangi moja. Kaka, wewe umezisoma nyingi.

HASSANI: Nyingi, na karibu zote ni za Marekani. Mwanamke mweusi, polisi mzungu. Kule jambo hilo ni zito. Mpaka mwaka 1967 yalikuwepo majimbo ambayo ndoa ya mweusi na mzungu ilikuwa kosa la jinai, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Loving dhidi ya Virginia. Tena huyo mwanaume kavaa sare ambayo weusi wengi kule wanaihofia. Dada wa watu anaogopa mara mbili! Mwandishi akiliruka hilo, kitabu nakifunga.

SOMOE: Mimi kinachonikera ni kingine. Askari anapekua simu yake, anamkataza kutoka, anamfuata kazini bila kumwambia, halafu tunaambiwa hayo ndiyo mapenzi. Ametoka kwa mwanaume aliyemfungia ndani, huyu naye anamfungia, ila kwa sauti ya upole.

HASSANI: Lakini kuna mtu anamwinda, dada. Alindwe vipi?

SOMOE: Aulizwe. "Nikuwekee doria mtaani kwako, unaridhia?" Akikataa, askari atafute njia nyingine. Mtu aliyeamuliwa kila kitu miaka yote, hata nguo ya kuvaa, hapo ndipo anaanza kupona.

HASSANI: Tuilete huku kwetu sasa.

SOMOE: Yangu iko hivi. Binti wa familia ya Kihindi yenye duka Mikindani, kaolewa Dar, anapigwa. Anapanda basi la alfajiri kurudi kwao. Amevuka Daraja la Mkapa, amepita Nangurukuru, moyo unaanza kutulia. Basi linasimama Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Wauza korosho wanapandisha vipakti madirishani. Katikati ya mikono ile anauona mmoja hauna korosho, una saa anayoijua. Ya shemeji yake. Kaja na gari dogo, kawatangulia.

HASSANI: Lo! Mwili umenisisimka. Anafanyaje?

SOMOE: Hashuki. Anamshika konda mkono, anamwambia, "Kaka, nipeleke polisi." Akifika Mtwara anaingia Dawati la Jinsia na Watoto, na anayemwandikia maelezo ni kijana wa Kimakonde. Anapewa fomu ya PF3, anakwenda Hospitali ya Ligula, daktari anajaza majeraha moja baada ya jingine. Hapo nitakaa sana, kaka. Yule daktari anapouliza "na hili la mgongoni?", na yeye anakumbuka ni la lini.

HASSANI: Na nyumbani wazee watamwambia, "Rudi, mkayamalize ndani, usituaibishe."

SOMOE: Watasema. Wakati Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imekataza mke au mume kumpiga mwenzake. Wengi wameolewa na kuzeeka hawajawahi kuisikia.

HASSANI: Kuhusu sare, na sisi tuna yetu. Mwaka 2013, vurugu za bomba la gesi, watu walipopinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar, mji huu ulijaa askari na wanajeshi. Anayeandika Mtwara asijifanye hilo halikutokea. Baba wa binti anaweza kuwa na kinyongo cha siku zile. Lakini swali langu ni hili: kijana akianza kumpenda?

SOMOE: Aende kwa mkuu wake aseme, "Afande, jalada hili mpe mwingine." Kabla hajamwambia yule dada neno lolote.

HASSANI: Hapo nakuunga mkono kabisa. Mwenye jalada ana nguvu juu ya mlalamikaji. Sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamshika mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma. Kijana wetu hadai kitu, sawa. Ila yule dada atajuaje kwamba akimkataa, kesi yake haitalala kabatini?

SOMOE: Hawezi kujua. Kwa hiyo kijana anangoja mpaka hukumu itoke.

HASSANI: Halafu kuna kwao. Wamakonde tunafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba yuko Newala, anauliza, "Mhindi? Watoto watakuwa wa nani?" Kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa mama. Sasa mama ni Mhindi! Kikao hicho tu ni sura nzima.

SOMOE: Naiandika hiyo. Na jibu la binti kwa kijana nimeshalipata. Anamwambia, "Njoo dukani, mchana, mama akiwepo." Basi, hamwahidi kingine.

HASSANI: Na akimkataa?

SOMOE: Kijana anarudi kazini kwake, kesi haijatikisika. Kwangu mimi hiyo bado ni hadithi ya mapenzi.

HASSANI: Napinga, dada. Amepigwa vya kutosha. Mimi nataka nimwone anacheka na mtu wake.

SOMOE: Basi andika mwisho wako, kaka, nami wangu. Juma lijalo tunaisoma yote miwili.