Kisigino cha Gitaa: Patasi Kwanza, Msasa Baadaye

Mafundi wenzangu, habari za mchana. Niliombwa nizungumzie utengenezaji wa gitaa, nikaomba niruhusiwe kubaki kwenye sehemu moja tu: kisigino, pale shingo inaponenepa na kuungana na sanduku. Wapigaji wengi hata hawakiangalii. Wanachojua ni kwamba gitaa hili kidole gumba kinateleza mpaka freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), na lile kinakwama.

Wengi wenu mnatoka Keko, mnachonga miguu ya makochi kila siku, kwa hiyo mkunjo huu hautawatisha. Ninachoogopa mimi ni haraka ya kukimbilia msasa. Fundi akishamaliza na msumeno, anachukua msasa namba 60 na kusugua akingoja umbo litokee. Halitokei. Msasa unakula palipo laini na kuruka palipo pagumu, na kisigino kina vyote viwili. Kwenye shingo mbao imelala kwa urefu. Ukifika kwenye mkunjo unakutana na kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi za mti zilipokatwa kukingama, ambacho hakiliki kirahisi. Sugua kote sawasawa kwa vidole uone: shingo itakonda, kisigino kitabaki na nundu.

Umbo ni kazi ya patasi na tupa. Chora mstari wa katikati kwa penseli na usiufute mpaka mwisho kabisa. Kata patani ya karatasi ngumu, uipime kulia, uigeuze upime kushoto. Shingo ikiwa imelala kifudifudi juu ya meza, patasi ianzie juu ya kisigino iteremke kuelekea shingo. Ukienda kinyume, ukipanda, inazama na kung'oa kipande. Na kama mbao ni mkangazi, tahadhari zaidi, maana mkondo wa nyuzi za mti wake unapishana: utepe huu unalala huku, wa jirani unalala kule. Hapo weka patasi chini, chukua tupa ya meno, kisha tupa laini, halafu kwangua kwa bamba la chuma lenye makali. Msasa uje wa mwisho, namba 120, 180, 220, umeviringishwa kwenye kijiti cha mviringo. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya tupa, basi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Mtaniwia radhi mlio nyuma, shingo ninayoonyesha ni ndogo. Mnaona hizi nyuso mbili bapa, kushoto na kulia kwa ulimi wa kiungo, kile kipande kinachochomekwa ndani ya sanduku? Hizi ndizo zinazolala kwenye ubavu wa sanduku. Kwa mtindo wa Kihispania hazipo, kwa sababu mbavu zinachomekwa ndani ya kisigino chenyewe. Ukishagundisha umemaliza, hakuna marekebisho. Lakini kwa magitaa ya nyuzi za chuma, ya mtindo uliokuzwa na kampuni ya C. F. Martin, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833, shingo inatengenezwa peke yake na kuungwa baadaye. Hapo nyuso hizi ndizo zinazoamua shingo itaelekea wapi.

Hesabu yake iko hivi. Kisigino kina kina cha milimita 90. Kutoka kiungo hadi daraja, pale nyuzi zinaposhikwa juu ya sanduku, ni kama milimita 325. Ukitoa nusu milimita tu kwenye ncha ya chini ya nyuso hizo, ile iliyo mbali na freti, shingo inalala nyuma, na rula ya chuma uliyoilaza juu ya freti itapanda karibu milimita 1.8 pale darajani. Nusu milimita! Hiyo ndiyo tofauti kati ya gitaa linalopigika na linaloumiza vidole.

Kwa hiyo nyuso hizo usizisugue mezani. Kwanza chimba katikati ya kila uso kidogo kwa patasi, ubaki ukingo mwembamba tu unaogusa. Kisha ingiza shingo mahali pake, pitisha utepe wa msasa kati ya kisigino na ubavu, upande wenye mchanga ukitazama kisigino, bana kwa mkono na uuvute utoke. Mvuto mmoja. Pima kwa rula. Mwingine. Pima. Msasa unachukua umbo la ubavu wenyewe, hata kama ubavu una kombo lake. Shingo ikielekea kulia, vuta upande wa kushoto. Ikielekea kushoto, vuta kulia.

Nimeulizwa kuhusu mashine ya msasa. Kwenye miguu ya meza, sawa. Hapa, hapana: itavuka mstari kabla hujainua mkono.

Na kaka pale anauliza kuhusu kifuniko cha mpingo chini ya kisigino. Kinapendeza, na vipande vidogo vinapatikana kwa wachongaji wa Mwenge. Kigundishe baada ya nyuso kukaa sawa, si kabla, maana ukivuta msasa baadaye ukingo wake utarudi nyuma na pengo litaonekana. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo ni jeusi na linaingia kwenye vitundu vya mkangazi, kwa hiyo bandika utepe wa karatasi kwenye kisigino kabla hujaanza, na ukimaliza lipulize vumbi hilo litoke. Usilifute kwa kitambaa chenye maji, utalipaka kisigino chote.