Nafasi Iliyo Kati ya Shangani na Chikongola

Wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, shikamooni kwa wanaostahili na habari za jioni kwa wengine. Jambo nitakalolisema leo nimekwisha kulisema katika vikao vingi, na wapo humu waliolisikia zaidi ya mara mbili. Ninalirudia kwa sababu bado tunagawa viwanja katika mji huu wa Mtwara kana kwamba halijapata kusemwa.

Mgeni anayefika Mtwara kwa mara ya kwanza hushangazwa na kitu kimoja. Soko liko kusini-mashariki mwa mji, karibu na Chikongola na Magomeni ambako watu ni wengi. Benki na maduka makubwa ya zamani, upande wa barabara za Uhuru na Aga Khan, yako mbali na soko hilo kwa takriban kilomita moja na nusu. Shangani iko mbali zaidi, ufukweni kaskazini-magharibi, mwendo wa dakika 30 hadi 40 kwa miguu kutoka sokoni. Katikati ya sehemu hizo kuna nafasi za wazi, zisizojengwa, na tangu utotoni tumezoea kuelezwa kwamba nafasi hizo zipo kwa sababu mji haukupangwa. Mimi nasema mji huu ulipangwa kwa makusudi kamili, na kwamba nafasi zile ni sehemu ya mpango kama zilivyo barabara.

Habari ya kushindwa kwa mradi wa Waingereza wa kulima karanga mnaijua, sitairudia. Ninachotaka mkumbuke ni ukubwa wa hesabu zake. Walipoutangaza baada ya Vita Kuu ya Pili, walikusudia kulima ekari zaidi ya 3,000,000, na zaidi ya nusu ya mashamba hayo yangekuwa katika Jimbo la Kusini, huku kwetu. Kongwa na Urambo, kwenye mashamba mengine ya mradi, zilikuwa na Reli ya Kati ya kupeleka mizigo Dar es Salaam. Nachingwea, yalikokuwa mashamba ya huku kusini, haikuwa na kitu. Ghuba ya Mikindani, mji wa kale jirani yetu, ni ya maji machache, haikufaa meli kubwa, kwa hiyo ikachaguliwa ghuba hii yetu yenye kina kirefu na mlango mwembamba, na mji mzima ukachorwa nyuma ya bandari ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Barabara zilipewa upana wa kupitisha mizigo ya mashamba hayo yote. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, lakini michoro ya mji ilibaki, na sisi ndio tunaoishi ndani yake.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya nafasi hizi. Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, nayo ni ubaguzi. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa barazani na bibi mmoja wa Chikongola, nikamuuliza mji ulikuwaje alipoolewa. Hakunitajia hata jengo moja. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mji ulikuwa ni mwendo." Mumewe alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu huko Shangani. Alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili chai iwe mezani bwana anapoamka, akarudi baada ya vyombo vya usiku kuoshwa, na wakati wa masika alivua viatu akavibeba mkononi ili afike navyo vikiwa safi. Bibi yule alijua kila mti uliokuwa njiani, kwa sababu siku mumewe alipougua ni yeye aliyetembea kwenda kuomba ruhusa, akasimamishwa nje ya uzio hadi jua likawa la utosi. Nilimuuliza kwa nini wafanyakazi hawakupewa mahali pa kujenga karibu na Shangani, ilhali ardhi ilikuwa tupu. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba ardhi ile haikuwa tupu, ilikuwa imewekwa.

Tangu siku ile neno hilo, "imewekwa", sijaliacha. Serikali ya kikoloni iligawa miji ya Tanganyika katika sehemu tatu, uzunguni, uhindini na uswahilini, na kati yake ikaacha ukanda wa wazi ambao maofisa waliuhalalisha kwa maneno ya afya na malaria. Mtu atanijibu kwamba hata Dar es Salaam iko hivyo, Oysterbay, Upanga na Kariakoo, na kwamba Mnazi Mmoja ulikuwa ukanda wa namna hiyohiyo, basi Mtwara ina upekee gani? Upekee wake ni kwamba Dar es Salaam ilikua hadi watu wakaujaza mchoro na kuuvuka, ila Mtwara ilichorewa watu ambao hawakuja. Huku mpango ule bado unaonekana kwa macho na unapimika kwa miguu, na mama anayeuza vitumbua Shangani asubuhi bado analipa nauli ya bodaboda kuuvuka ukanda uliowekwa ili asikae karibu.

Wako pia wanaoniambia kwamba mwenye kutaka historia aende Mikindani. Mikindani naipenda, na sina ugomvi na nyumba zake za mawe wala na Boma la mwaka 1895. Lakini kuwapeleka wanafunzi kilomita kumi kutazama kuta za Wajerumani, huku tukiwaficha kwamba barabara wanayopita kwenda shule ni waraka wa Waingereza, ni kuwanyima nusu ya elimu yao.

Naona muda umenibana, na kata ya Reli sijaigusa kama inavyostahili. Kwa ufupi tu: njia ya reli ya kutoka hapa kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile, ilifungwa na vyuma vyake kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilichobaki mjini ni jina. Kijana aliyezaliwa pale hajui kwa nini kata yake inaitwa hivyo, wala hakuna kibao cha kumwambia. Habari ya kata ya Ligula, na ya viwanja vilivyogombaniwa tangu gesi asilia ya Mnazi Bay ilipoanza kutoka mwaka 2006, nitaiacha kwa siku nyingine.

Kwa madiwani na maofisa ardhi mliopo nina ombi moja. Sipingi nafasi hizi kujengwa. Nataka zijengwe, na nataka wa kwanza kupata viwanja ndani yake wawe watu wa Chikongola na Magomeni, si wale ambao tayari wana nyumba Shangani na wanataka ua uwe mpana zaidi. Kabla ya kiwanja kingine kupimwa, mchoro wa kwanza wa mji utolewe ofisini, ubandikwe sokoni kwa mwezi mzima, na wazee waliotembea njia zile waitwe waseme kila nafasi iliwekwa dhidi ya nani. Bibi yule bado yuko hai, na niko tayari kumleta mimi mwenyewe.