Kashe ndani ya mfuko: ofisie ni nani, na cheo ni cha nani?

(Haya niliyasema Jumamosi hapa Lubumbashi, mu sale moja ya Kamalondo, mbele ya vijana na wazazi. Nimeandika kama yalivyotoka, sikusafisha sana.)

Bapapa, bamama, na nyinyi vijana mulioko kule karibu na mlango, jambo yenu. Waliponiita niongee juu ya maofisie niliwauliza, ofisie gani, wa jeshi ao wa biro? Wakasema wote. Haya, tutajaribu.

Nianzie kwangu. Miaka michache nyuma nilienda mu biro moja ya mji huu, sitaitaja, kuandikisha mtoto. Sheria inatupa siku 90 toka mtoto anazaliwa, mimi nilikuwa siku ya 87, siku ya Ijumaa, mnatujua sisi wanaume. Karatasi imejazwa, jina limeandikwa vizuri, inabaki kashe tu, ule muhuri wa biro. Karani ananiambia, papa, kashe haiko, shefu ameenda nayo kwenye kilio. Ameenda nayo namna gani? "Iko mu mfuko ya koti yake." Na hakusema kwa haya hata kidogo, alisema kama vile mtu anasema shefu ameenda na viatu vyake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza ile kashe. Juu huyo shefu ni ofisie, ofisie wa eta sivili, anayeandika vizazi na vifo, kama vile yule OPJ, ofisie wa upelelezi wa polisi, anayekuita kwa karatasi ni ofisie, kama vile yule mwenye nyota begani kule kambini ni ofisie. Neno ni moja, limetoka Kilatini, officium, maana yake wajibu, kazi uliyopewa. Sasa wajibu unaingiaje mu mfuko ya koti?

Msicheke sana, juu Wafaransa walikuwa na mfuko huo kwa sheria kabisa. Zamani za wafalme wao, officier hakuwa kwanza mtu wa jeshi, alikuwa hakimu, mtoza kodi, mtunza hazina, na cheo hicho alikinunua kwa mfalme kama vile wewe unanunua parsele ya kujenga nyumba. Mwaka 1604 wakatunga na kodi yake, wakaiita paulette: kila mwaka unalipa sehemu moja ya 60 ya bei ya cheo chako, na ukifa mtoto wako anakirithi. Hakimu anazaa hakimu! Jambo hilo lilidumu mpaka usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mapinduzi yakalifuta pamoja na haki zingine za mabwana wakubwa.

Waingereza wao waliuza mu jeshi. Bei ilikuwa imeandikwa: mu askari wa miguu, cheo cha chini kabisa cha ofisie pauni 450, kapiteni 1,800, liutena kolonel 4,500, na chini ya meza watu walilipa zaidi. Ukitaka kustaafu unauza cheo chako, njo pensheni yako hiyo. Wakaacha mwaka 1871, juzi tu ukipima historia. Lakini kuna kitu kimoja napenda sana mu hadithi hii: mizinga na kazi za ujenzi wa vita hawakuuza. Huko ilibidi usome, walifungua shule Woolwich mwaka 1741, hesabu na vipimo, juu risasi ya mzinga haijui baba yako ni nani, ukikosea pembe inaangukia watu wako. Kwa farasi na upanga walivumilia mjinga mwenye pesa, kwa baruti hapana. Waprusia walijifunza kwa fimbo: Napoleon aliwavunja pale Jena mwaka 1806, na mwaka 1808 mfalme wao akatoa amri kwamba wakati wa amani cheo cha ofisie kitolewe kwa elimu, si kwa ukoo. Wachina kwa upande wa biro walikuwa wamewatangulia wote hao, mitihani yao ya kuingia kazi ya serikali ilidumu karne kumi na tatu hivi mpaka 1905, sitaingia huko, tutalala hapa.

Nimesema fimbo, tukae hapo kidogo. Ofisie wa Roma aliyekuwa karibu na askari aliitwa centurio, jina linasema watu mia lakini kweli yake walikuwa kama 80, na alama ya cheo chake ilikuwa fimbo ya mzabibu. Mwaka 14, Augusto amekufa, askari wa mto Danube wakaasi, na kati ya waliouawa kulikuwa mmoja, Lucilius, ambaye askari walimpa jina la utani "Leta Ingine". Juu akivunja fimbo moja kwa mgongo wa askari anapiga kelele, leta ingine! Halafu ingine. Ningemuelezea babu yangu habari hiyo angesema huyo namjua, alikuwa na kofia nyeupe na shikoti ya ngozi ya kiboko.

Hapa kwetu neno la kwanza la ofisie si ofisie, ni kapita. Linatoka kwa Wareno, capitão, kapiteni kabisa wa heshima. Limefika kwetu kwa njia ya misafara, halafu wakati wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kapita akawa yule mwenye bunduki anayewekwa mu kijiji kuhesabu mpira, ule utomvu wa miti, halafu kapita wa barabara, kapita wa mungoti, yaani mgodi, kapita wa shamba. Cheo kimeshuka ngazi lakini daftari na ukali vilibaki. Kwa ndugu zetu wa pwani akida alikuwa kiongozi wa kikosi, Wadachi, yaani Wajerumani, wakamfanya mtu wa kodi na kesi, ni safari ileile, kutoka bunduki kwenda biro. Na afande, hili tulilosikia sana hapa tangu 1997 wakati AFDL, waasi wa Laurent Kabila, inaingia Lubumbashi na kila mtu komanda, kila mtu afande, ni efendi ya Waturuki, ilipanda Nile pamoja na askari wa Sudani waliochukuliwa na Wadachi na Waingereza. Waturuki nao waliitoa kwa Wagiriki, mwenye mamlaka. Basi tunaita tu, hatujui tunamwita nani.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Juni 1960. Force Publique, jeshi la koloni, ina watu kama 25,000. Maofisie karibu elfu moja, Wabelgiji wote. Ofisie mweusi: sifuri. Mweusi aliyepanda sana alifika ajida, chini ya ofisie, hapo mlango ulifungwa. Mu biro ni sawasawa, vyeo vya juu zaidi ya 4,000, Wakongo watatu. Université ya hapa kwetu ilifunguliwa 1956, nani angekuwa amemaliza?

Babu yangu mzaa mama alikuwa serja. Alijua kuita majina asubuhi, kugawa mchele na samaki ya chumvi, kukumbuka namba ya kila bunduki kwa kichwa bila kusoma. Lakini alituambia kitu kimoja kilichonikaa: miaka yote ile hakuwahi kushika ramani. Ramani ilikaa mu mfuko ya ngozi ya liutena. Liutena akisema twende kushoto wanaenda kushoto, nini iko kushoto haiwahusu.

Tarehe 5 Julai jenerali Janssens, Mbelgiji mkubwa wa jeshi hilo, anakusanya watu Léopoldville, Kinshasa ya leo, anaandika kwa ubao: kabla ya uhuru = nyuma ya uhuru. Siku tano tu uhuru umepatikana! Yaani mawaziri wamekuwa Wakongo, nyinyi mtabaki kuita mon lieutenant. Basoda, yaani askari, wakaasi, kambi ya Thysville ikawaka, Lumumba, waziri mkuu, akapandisha kila askari ngazi moja, hakubaki soda wa daraja la pili hata mmoja mu jeshi zima, lakini nyota bado ni za Wazungu kwa hiyo haikutuliza kitu. Tarehe 8 serikali ikakata shauri: Lundula awe jenerali. Lundula huyo alikuwa nani? Bourgmestre, yaani meya, wa Jadotville, Likasi yetu hii, mu vita vya pili vya dunia alikuwa sou-ofisie, cheo cha chini ya ofisie, wa kikosi cha uganga. Mobutu, aliyetoka jeshini na cheo cha serja akaenda kuandika magazeti, akawa kolonel na shefu deta-majoro, mnadhimu mkuu wa jeshi. Tarehe 11 Tshombe, kiongozi wa Katanga, akaitenga Katanga na Kongo, na yeye jeshi lake aliliweka mikononi mwa maofisie Wabelgiji, juu wa kwake hakuwa nao.

Mu makambi mengi basoda walichagua wenyewe nani awaongoze. Babu walimchagua. Bibi alishona nyota moja moja kwa mkono, uzi mweusi juu uzi wa njano haukupatikana. Na kitu cha kwanza alichofanya, anasema, alifungua ule mfuko wa ngozi ulioachwa. Ramani ilikuwa mo. Akaitandika juu ya meza, yeye na wenzake wanne, wakaizunguka, na walitumia muda mrefu kujua ni upande gani uko juu.

Watu wanasema askari wa 1960 hawakuwa na nidhamu. Mimi sikubali hata kidogo. Nidhamu walikuwa nayo ya miaka 70, kile walichonyimwa ni kazi ya katikati, ile ya mtu anayesikia amri, anaangalia ramani na kusema hapana mkubwa, kushoto kuna mto. Hiyo haiji kwa nyota, inakuja kwa miaka ya kukosea mambo madogo wakati kuna mtu wa kukusahihisha. Septemba 14, yule kolonel wa miezi miwili na kidogo akachukua nchi.

Mama mmoja pale mbele aliinua mkono mwishoni, nikafikiri ataniuliza Mobutu. Akauliza: na mtoto, waliishia kumuandika?

Jumatatu, mama, siku ya 90. Shefu alirudi kutoka kilio, akavua koti, akatoa kashe mu mfuko, imefungwa mu sashe ya mkate. Akaipuliza mara mbili ipate joto, akapiga. Halafu akairudisha palepale mu koti.