Kanisa Lililosimama Juu ya Magogo: Trinity Church ya Boston

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnasomea ujenzi, kwa hiyo naanza na jambo mlilolijua tangu utotoni. Nguzo ya uzio huozea wapi? Si juu, wala si kule chini kabisa shimoni. Huozea usawa wa ardhi, pale hewa na unyevu vinapokutana. Ukiing'oa, mara nyingi utakuta ncha ya chini bado ngumu. Likumbukeni hilo, maana kanisa zima ninalotaka kuwasimulia limeegemea hapo.

Trinity Church ni kanisa la parishi la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, katika jiji la Boston. Parishi ilianza mwaka 1733, Massachusetts ingali koloni la Mwingereza. Mwaka 1869 ilimpata Kasisi Phillips Brooks, mhubiri aliyejaza viti Jumapili kwa Jumapili, na baada ya muda waumini wakaamua kuhama katikati ya jiji wakajenge upya. Machi 1872 walialika wasanifu sita washindane. Akashinda Henry Hobson Richardson, kijana wa miaka 33 aliyesomea Paris. Novemba ya mwaka huohuo moto mkubwa ukalipiga jiji, na kanisa lao la zamani katika mtaa wa Summer likateketea. Hapakuwa tena na pa kurudi.

Sasa tazameni kiwanja chenyewe. Eneo la Back Bay lilikuwa tope la pwani, maji yakijaa na kupwa. Kuanzia miaka ya 1850 lilifukiwa kwa mchanga na kokoto zilizoletwa kwa treni kutoka mji wa Needham. Juu ya kifusi hicho Richardson alitaka kusimamisha mnara wa mawe! Basi yakapigiliwa magogo ya miti wima ardhini, kama 4,500 kwa jumla, na zaidi ya 2,000 kati yake yako chini ya mnara peke yake. Juu ya vichwa vya magogo hayo zikajengwa piramidi nne za matale (mawe magumu ya graniti), kila moja yenye kitako cha mita 10 na ushei kila upande na kimo cha mita 5 hivi. Kila piramidi inabeba mguu mmoja wa mnara.

Niliposhuka katika ukumbi wa chini ya kanisa, niliweka kiganja kwenye jiwe la piramidi mojawapo. Ni baridi, limechongwa kwa ukali, na linainama kuelekea juu kama mlima unaoanza sebuleni. Nilisimama pale muda mrefu. Juu yangu kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na chini yangu kulikuwa na magogo ya karne ya 19, yamezama katika maji, bado yanafanya kazi. Gogo lililozama lote halipati hewa, na kuvu wa kuozesha hawaishi bila hewa. Maji yakishuka, vichwa vya magogo vikabaki wazi, hadithi ni ile ya nguzo ya uzio.

Juu ya ardhi, Brooks hakutaka msitu wa nguzo kati ya mhubiri na watu. Richardson akampa umbo la msalaba wenye mikono mifupi, karibu sawa kwa sawa, na mnara wa mita 64 katikati. Kilele cha mnara alikichukua kutoka kanisa kuu la kale la Salamanca, Hispania. Matao ni ya nusu duara, mazito, ya Kiromaneski, yaani mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya. Kuta ni za matale ya Dedham, zimefungwa kwa mawemchanga mekundu. Watu walipenda sana mtindo huu hata ukaitwa kwa jina la Richardson. Mwaka 1885 wasanifu wa Marekani walipopiga kura, Trinity ilitajwa kuwa jengo bora kuliko yote nchini.

Lakini mimi kinachonishika zaidi ni rangi. Kuta za ndani alikabidhiwa mchoraji John La Farge, ambaye hakuwa amewahi kupamba jengo zima. Yeye na wasaidizi wake walipaka juu ya majukwaa katika miezi ya baridi kali, wakikimbizana na tarehe ya kuwekwa wakfu, 9 Februari 1877. Miaka sita baadaye akaweka juu ya mlango wa magharibi dirisha la Kristo katika utukufu. Vioo vyake vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na buluu yake ni ile ya bahari yetu saa nne asubuhi, penye kina. Picha haiwezi kuibeba.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 jirani alianza kuchimba msingi wa John Hancock Tower, ghorofa 60 za vioo. Udongo ukasogea, na kuta za Trinity zikapata nyufa. Parishi ilikwenda mahakamani ikashinda. Mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo iliikubali hoja ambayo nataka muishike: kila jengo lina kiasi fulani cha kupinda linachoweza kukistahimili kabla ya kulazimika kubomolewa. Aliyekula sehemu ya kiasi hicho amekula mali ya mwenzake, hata kama jengo bado limesimama.

Kuhusu maji, Boston sasa ina mamia ya visima vyembamba vya kupimia kina cha maji ya ardhini, ili vichwa vya magogo visibaki wazi. Majengo mapya katika maeneo ya namna hii hutakiwa kurudisha maji ya mvua ardhini badala ya kuyamwaga kwenye mfereji. Mkifika huko, mkimaliza kutazama mnara, angalieni chini pembeni mwa barabara. Mtaona vifuniko vidogo vya chuma, vya mviringo. Fundi hufungua kimoja, hushusha kipimo hadi kiguse maji, huandika namba, kisha husogea kwenye kingine.